Begi linalopumua: hewa inapita wapi hasa?

Ukisimama mbele ya meza ya mabegi pale soko la Memorial, Moshi, au ukipita kwa wamachinga wa Kilombero jijini Arusha, kuna maneno utayasikia kabla hujauliza bei: "Hili linapumua, mkuu." Muuzaji analigeuza begi, anakuonyesha wavu wa mgongoni, anaupiga kwa kiganja udunde, na kwake yeye biashara imekwisha.

Wavu una kazi yake, sibishi. Ila begi lenye wavu mzuri kuliko yote pale mezani laweza kuwa ndilo litakalokuchosha zaidi, na lile lisilo na wavu wowote likakupeleka hadi kambi ya Mandara, mlimani Kilimanjaro, na kukurudisha salama. Hewa ya mgongoni ina gharama yake. Inapatikana kwa kulisogeza begi mbali na mwili, na kadiri begi linavyokaa mbali ndivyo mzigo unavyozidi kukuvuta nyuma. Ukae wapi kati ya hayo mawili? Inategemea unakwenda wapi, umebeba nini, na hata umevaa fulana gani.

Nazungumzia begi dogo la siku moja: lile unalobeba mwenyewe ukienda Materuni kuona maporomoko, ukipanda kutoka geti la Marangu hadi Mandara na kushuka jioni, au ukiwa kwenye safari ndefu ya Kilimanjaro ambako mizigo mikubwa iko kwa wagumu, yaani wapagazi, nawe umebaki na maji, koti na vitafunwa. Mgumu na kilo zake 20 ni habari nyingine kabisa.

Jasho linapoza lini?

Misuli ya miguu ikikupandisha mlima, ni kama robo tu ya nishati inayotumika inayogeuka kuwa mwendo. Iliyobaki yote inakuwa joto, na mwili hauna pa kulitunza. Unalitoa kwa jasho. Lakini jasho halipozi kwa kutoka. Linapoza kwa kukauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi, inaondoka na joto la takriban kilokalori 580. Lita hiyohiyo ikitiririka hadi kwenye mkanda wa suruali, umepoteza maji na chumvi bure, na joto lako umebaki nalo.

Sasa weka begi juu ya mgongo. Eneo lote lililofunikwa halipati upepo. Mvuke wa jasho unajaa kati ya ngozi na kitambaa, na ukishajaa, jasho jipya halina pa kwenda. Mwili haujui kwamba umefunikwa. Unachojua ni kwamba joto halijapungua, basi unaongeza jasho. Ndiyo maana mtu anaweza kufika juu mgongo umelowa chapachapa ilhali mikono na shingo ni mikavu.

Kuachia nafasi ya hewa hapo katikati kunasaidia, mradi hewa yenyewe iwe kavu kiasi cha kubeba mvuke. Hapa ndipo watu wa Arusha na wa Moshi wanapobishana bila kujua kwamba kila mmoja yuko sahihi kwake. Mteremko wa kusini wa Kilimanjaro ndio unaopokea mvua nyingi kuliko pande nyingine za mlima, na msitu wa Machame na Umbwe una unyevu mwingi hata siku isiyo na mvua. Humo, hata bega ambalo halijafunikwa na chochote linachelewa kukauka. Begi la wavu litakupunguzia joto kidogo, maana kila hatua inasukuma hewa kidogo kutoka mgongoni, lakini usitegemee utoke mkavu. Nenda tambarare za Monduli mwezi wa Septemba, jua linawaka na upepo unavuma na vumbi lake, na begi lilelile litakufanya uone muuzaji alikuwa msema kweli.

Migongo ya aina tatu

Aina ya kwanza ni wavu wa kweli. Nyuma ya begi kuna fremu, mara nyingi ya waya wa chuma, iliyopindwa kama upinde, na wavu umevutwa kutoka ncha hadi ncha. Mgongo wako unagusa wavu tu. Begi lenyewe liko nyuma yake kwa sentimita kadhaa. Kampuni ya Deuter ya Ujerumani ndiyo iliyoupa mtindo huu umaarufu, na mfumo wake wa Aircomfort ulitoka mwaka 1984. Osprey, Lowe Alpine na wengine nao wana matoleo yao.

Aina ya pili ni sponji zenye mfereji. Begi lina vipande viwili vinene vya sponji vinavyogusa mgongo kushoto na kulia, na katikati kuna njia iliyo wazi inayofuata uti wa mgongo kutoka juu hadi chini. Joto linapanda na kutokea juu, hewa nyingine inaingia kwa chini. Haipitishi hewa nyingi kama wavu, ila begi linabaki karibu na mwili.

Aina ya tatu ni mgongo bapa: kitambaa, sponji nyembamba, basi. Begi la shule liko humu, na vibegi vingi vyepesi vya wakimbiaji pia. Mgongo utalowa, lakini mzigo unatulia kama sehemu ya mwili. Kwa Materuni, ukiwa na chupa ya maji na ndizi mbili tatu, begi la shule la mtoto wako linatosha, na pesa ya begi jipya itafaa zaidi kwenye viatu.

Kuna aina ya nne ambayo ndiyo iliyojaa mezani: wavu wa urembo. Kitambaa chembamba chenye vitundu kimeshonewa moja kwa moja juu ya sponji. Kwa macho linafanana na lile la Mjerumani. Kazi yake ni kunywa jasho na kulihifadhi. Kulitambua ni rahisi. Liinue begi usawa wa macho, lichungulie kwa ubavuni, kati ya wavu na mwili wa begi. Wavu wa kweli utaona mwanga upande wa pili na mkono utapita. Wa urembo utaona mshono. Ukikibonyeza kwa kidole, kinatua kwenye sponji papo hapo.

Gharama ya hizo sentimita

Shika chupa ya maji ya lita moja na nusu kifuani, halafu uinyooshe mbele kwa mkono wote. Uzito haujabadilika hata gramu, ila bega linajua tofauti. Begi lililosogezwa nyuma na fremu linafanya hivyohivyo kwa kiwango kidogo: linakuvuta nyuma, nawe unajibu kwa kuinama mbele, na kiuno kinabeba ubishi huo siku nzima.

Kwa kilo tatu au nne hutaona kitu. Kwa kilo nane unaanza kuona, hasa kwenye njia yenye mizizi na ngazi za magogo, ambako kila ukiruka hatua begi nalo linafika nyuma yako kwa kuchelewa. Mahali pa wima kama Oldoinyo Lengai, ambako watu hupanda usiku kukwepa joto na wakati mwingine wanashika mwamba kwa mikono, begi linaloyumba ni hatari zaidi kuliko mgongo uliolowa. Huko mimi ningechukua bapa, au la mfereji, bila kufikiri mara mbili.

Fremu iliyopinda inakula pia nafasi ya ndani. Begi lililoandikwa lita 24 lina ukuta wa nyuma uliobonyea, kwa hiyo kitu kigumu na kirefu, kama kontena la chakula, hakikai vizuri. Unakisukuma kwenye ukuta wa nje, mbali zaidi na mgongo, na hapo umeongeza tatizo lilelile. Fremu ina uzito wake pia: begi la wavu la ukubwa huo linakaribia kilo moja likiwa tupu, wakati bapa laweza kuwa nusu ya hapo. Ukiwa na begi la wavu, panga maji yakae ndani kabisa yakiegemea fremu, usawa wa katikati ya mgongo, na vitu vyepesi kama sweta viwe nje na chini. Watu wengi hutanguliza sweta kwa sababu ndilo walilolikunja mwanzo.

Kuhusu ukubwa: safari ya siku moja hadi Mandara itahitaji lita mbili au tatu za maji, chakula cha mchana, koti la mvua, sweta na vitu vidogo. Ni kilo tano au sita, na lita 20 hadi 25 zinatosha. Anayekwenda kilele cha Uhuru atahitaji 30 hivi, kwa sababu koti nene la kileleni linaingia na kutoka begini siku nzima. Zaidi ya hapo begi linakuwa kishawishi. Nafasi ikiwepo utaijaza.

Urefu wa mgongo ndio unaosahaulika

Nimewaona watu wakitumia nusu saa kulinganisha nyavu halafu hawalivai begi hata mara moja. Begi zuri lisilokutosha mgongo halipitishi hewa popote. Mkanda wa kiunoni ukikaa tumboni badala ya kwenye mifupa ya nyonga, hauchukui uzito. Unakubana pumzi tu. Mzigo wote unahamia mabegani, unakaza mikanda, na mabega yanakuwa ndiyo sehemu inayotoa jasho kuliko zote. Ukiilegeza, begi linalala nyuma. Kwa vyovyote umeshindwa.

Pima hivi: inamisha kichwa, mwenzako atafute mfupa unaojitokeza zaidi chini ya shingo. Weka mikono kiunoni juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikielekea nyuma. Mstari kati ya vidole gumba hivyo ndio mwisho wa kipimo. Futi kamba ya fundi cherehani inatosha. Kisha pima begi lenyewe, kutoka pale mikanda ya mabega inaposhonewa hadi katikati ya mkanda wa kiunoni. Vipimo hivyo viwili vikipishana sana, liache. Mabegi mengi madogo yana saizi moja tu, kwa hiyo warefu na wafupi wanahitaji uangalifu kuliko wa kimo cha katikati. Kina dada waangalie pia mikanda ya mabega isiwe imenyooka mno ikakata kwapani au kukandamiza kifua, na mkanda wa kifuani uweze kupandishwa na kushushwa.

Halafu lijaribu likiwa na mzigo. Begi tupu linamkaa kila mtu. Mazungumzo pale mezani huwa hivi:

"Dada, naomba nilijaribu na mzigo."

"Mzigo gani tena, kaka'ngu? Si ulivae tu uone."

Usikate tamaa. Duka la mangi liko jirani. Nunua chupa tatu nne kubwa za maji, zitie ndani, funga mkanda wa kiunoni kwanza, ndipo wa mabega, wa kifua mwisho. Tembea hadi mwisho wa safu ya meza na urudi. Panda ngazi kama zipo. Inama ufunge kamba za kiatu. Kama begi linakupiga kisogoni ukiinua kichwa kutazama juu, mlimani litakupiga hivyohivyo siku nzima. Maji utayanywa nyumbani.

Mtumba: cha kukagua kwa vidole

Mabegi bora ya mlimani yanayouzwa Moshi na Arusha kwa bei ya kawaida ni mtumba, na mtumba mzuri wa begi la kweli unashinda jipya feki lenye nembo kubwa. Lakini begi linazeeka kwa ndani kabla ya nje. Fungua zipu, geuza mfuko wa ndani, upapase. Vitambaa vingi vya mabegi vimepakwa tabaka jembamba la plastiki ya poliyurethani kwa ndani ili kuzuia maji, na tabaka hilo huvunjwavunjwa na unyevu na joto kwa miaka. Likianza kufa linanata vidoleni, kisha linabanduka kama magamba, na linatoa harufu ya uchachu. Hakuna sabuni inayoiondoa harufu hiyo. Rudisha begi mezani.

Finya sponji ya mikanda kwa vidole viwili uiachie. Ikirudi haraka, iko hai. Ikibaki imebonyea, imekufa, na bega lako litakuwa linabeba kitambaa. Wavu wa mgongoni nao unalegea kwa umri: sukuma kwa ngumi begi likiwa limejaa, na ngumi ikifika hadi mwili wa begi basi siku ya safari mgongo wako utafika pia, na umenunua fremu nzito isiyo na hewa.

Yapo ya kusamehe. Zipu iliyokwama, kifungo cha plastiki kilichovunjika, mkanda ulioachia mshono: hayo fundi wa mabegi anayamaliza siku hiyohiyo, na ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei. Fremu iliyopindika vibaya, sponji iliyokufa na plastiki inayobanduka si kazi ya fundi.

Fulana, baridi na mvua

Nusu ya suala la hewa liko kwenye nguo. Fulana ya pamba inashika maji na inachelewa kuyaachia. Uikaushe na begi la aina gani? Jezi ya mpira, ile ya poliesta, inakauka upesi, na Memorial imejaa jezi za timu ambazo mashabiki wake wenyewe wamezisahau. Mtu mwenye jezi na begi la mfereji atakuwa na mgongo mkavu kuliko mwenye fulana ya pamba na wavu wa gharama.

Hilo lina uzito zaidi unapopanda. Joto la hewa linapungua kwa wastani wa nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000. Moshi mjini iko chini ya mita 1,000, Mandara iko kwenye mita 2,700 hivi. Nyuzi kumi zimeshaondoka kabla hujahesabu ukungu. Ukifika, ukavua begi na kukaa, mgongo uliolowa unapata upepo wote kwa mpigo na ndani ya dakika chache unatetemeka. Dawa yake si begi. Ni jezi ya pili, kavu, iliyokaa juu kabisa ya vitu vyako, na kuibadilisha kabla ya kuvaa sweta. Ukivaa sweta juu ya fulana iliyolowa, umeufungia unyevu ndani.

Mvua nayo ina hila yake kwa begi la wavu. Kava la mvua linafunika mbele na pembeni. Upande wa mgongoni uko wazi, na ile nafasi ya hewa inageuka mfereji wa maji yanayotoka shingoni. Kati ya Machi na Mei usilitegemee kava peke yake. Weka mfuko mmoja mkubwa, mgumu, usiopitisha maji, ndani ya begi, tia vitu vyote humo na usokote mdomo wake. Kava litabaki kazi yake kuzuia matope.

Usiku wa kileleni kila kitu kinageuka. Watu huanza kupanda karibu na usiku wa manane, baridi iko chini ya sifuri, mwendo ni pole pole, na hewa ya mgongoni ni kitu usichokitaka. Mrija wa mfuko wa maji unaganda mapema kuliko chupa. Anayeutumia hupuliza maji yarudi ndani kila baada ya kunywa, na hata hivyo mara nyingi haumfikishi mbali. Chupa yenye mdomo mpana, iliyofungwa sana na kuwekwa kichwa chini, miguu juu, ni salama zaidi, kwa sababu barafu huanza kujiunda sehemu ya juu ya maji na mdomo unabaki wazi. Kwa hiyo anayenunua begi kwa ajili ya Uhuru tu asiutangulize wavu. Atazame mkanda wa kiunoni, na zipu anazoweza kuzifungua akiwa amevaa glavu nene.

Kwa mtu wa hapa anayetoka mwisho wa wiki, leo Materuni, mwezi ujao Marangu, siku nyingine miteremko ya Meru, na mzigo hauzidi kilo sita, mimi ningesema lita 22 hadi 25, mgongo wa sponji wenye mfereji mpana, mkanda wa kiunoni unaobeba kweli. Anayetembea zaidi nchi kavu, Monduli na Longido, na mzigo mwepesi, achukue wavu kwa amani.

Ukishalipata, lifue kwa mkono kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, hasa mikanda na wavu, maana chumvi ya jasho inakausha kitambaa na kukwaruza ngozi safari inayofuata. Usilikamue. Lianike kivulini kichwa chini, zipu zote wazi. Jua kali linachosha nailoni, na begi lililofungwa likiwa na unyevu ndilo linaloanza kunata kwa ndani.